Pwani Si Ufukwe

Limezuka neno, nalo limeenea hata likaingia katika mashairi. Neno lenyewe ni "ufukwe", na wingi wake "fukwe". Si neno geni. Limo katika kamusi na limo vinywani mwa watu tangu zamani, wala sina ugomvi nalo maadamu linakaa mahali pake. Ugomvi wangu ni kwamba limetoka mahali pake, limekalia kiti cha neno jingine, na mwenye kiti ameambiwa asimame mlangoni. Neno lililosimamishwa mlangoni ni "pwani".

Pwani, kama ajuavyo kila aliyezaliwa visiwani, limetokana na kupwa. Ni mahali panapopwa maji. Lugha yetu ilipotaka kupapa jina mahali hapa haikutazama weupe wa mchanga wala kivuli cha mnazi. Ilitazama mwendo wa bahari. Kwa hiyo pwani ni eneo lote ambalo maji huliacha na kulirudia mara mbili kwa kila usiku na mchana. Katika siku za bamvua, tofauti baina ya maji makuu na maji yaliyopwa huku kwetu hufikia karibu mita 4, na upande wa mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, mtu anaweza kutembea kwa mguu zaidi ya kilomita moja kuelekea mwamba kabla maji hayajamfika kifuani. Eneo lote hilo ni pwani. Ufukwe ni utepe mwembamba tu wa mchanga mkavu uliopo juu yake, ule ambao mgeni hutandika taulo. Anayeuita ufukwe "pwani" amekosea kidogo. Anayeiita pwani "ufukwe" ameuza shamba zima kwa bei ya ua wake.

Huenda msomaji akaniambia kwamba haya ni mabishano ya walimu wa sarufi, na kwamba maneno hubadilika kama mchanga wenyewe ubadilikavyo na pepo. Laiti ingekuwa hivyo. Tatizo ni kwamba neno hili halikuja peke yake. Limekuja na viti vya kulalia, miavuli, kamba iliyofungwa baina ya vigingi viwili, na kijana aliyevaa fulana yenye nembo, ambaye kazi yake ni kuuliza: unakwenda wapi?

Nilisimama mwaka mmoja katika kijiji cha mashariki, kando ya ukuta wa hoteli nisiyotaka kuitaja, nikasikiliza mazungumzo ya bibi mmoja na kijana wa namna hiyo. Kijana alikuwa na adabu zake zote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, huku hakupitwi siku hizi. Zunguka kule."

"Mimi nakwenda pwani, mwanangu."

"Pwani iko kule bibi, hapa ni hoteli."

Bibi alikuwa na kapu kichwani na kisu cha kukatia kamba mkononi. Hakubishana. Alizunguka, na kuzunguka kwenyewe kulikuwa mwendo wa karibu robo saa juani, kwa sababu kuta zilikuwa zimeshikana: ukuta wa hoteli hii ukikoma, unaanza wa ile. Sikumsikia akitoa neno la uchungu. Lakini lile jibu la kijana, "pwani iko kule", nimelikumbuka mara nyingi, maana bibi alikuwa anaiona pwani kwa macho yake nyuma ya mabega ya anayemwambia kwamba haiko hapo.

Sasa tuitazame pwani yenyewe, kama ilivyokuwa na kama inavyoendelea kuwa pale inapoachwa. Nimesoma maandishi ya kuisifu Nungwi, Kendwa na Paje yanayohesabu "huduma" zipatikanazo: baa, kuogelea na pomboo, kukandwa mwili, mabao ya kuvutwa na tiara kubwa za angani, chakula cha usiku kwa taa za mishumaa. Yote hayo yapo, sikatai. Ninachokataa ni ile dhana iliyojificha nyuma ya orodha hiyo, kwamba kabla ya hapo pwani ilikuwa tupu, haina huduma, ikingoja. Neno lipendwalo na waandishi wa vipeperushi ni "haijaguswa". Pwani haijaguswa! Nani basi aliyefukia makumbi?

Kwa faida ya msomaji wa mjini, nieleze. Makumbi ya nazi hayatoi nyuzi nzuri mpaka yaozeshwe kwa maji ya chumvi. Mwanamke huyachukua pwani, akachimba mahali panapofikiwa na maji, akayafukia, akayawekea mawe au kuyazungushia vijiti, akayaacha humo kwa miezi. Yakishalainika huyafukua, akayaponda kwa mchi au gongo, akayaosha, akayaanika, kisha akayasokota kamba. Katika vijiji vya mashariki kila mwanamke anajua shimo lake lilipo, na aghalabu alilirithi kwa mama yake. Mgeni anayepita asubuhi huona vijilima vya mawe na vijiti vilivyooza, akadhani ni takataka zilizoletwa na mawimbi. Zipo hoteli zilizokwisha kuomba viondolewe, kwa kuwa vinaharibu mandhari na vinatoa harufu. Harufu vinatoa, hilo ni kweli. Hata jiko linatoa moshi.

Kisha wapo wanaokwenda kutanda, wanawake wanaoingia majini wakishikana nguo au nyavu na kuwazungushia dagaa na visamaki vidogo. Wapo wachokoao pweza mwambani kwa kijiti au chuma, wakijua tundu la jana na la leo. Wapo waokotao chaza na kombe. Na tangu mwaka 1989 wapo wakulima wa mwani, ambao wengi wao mno ni wanawake, na ambao walianzia huku huku mashariki, Paje na jirani zake. Mkulima wa mwani hupiga vigingi katika mchanga unaofunikwa na maji machache, akavuta kamba, akafunga vichipukizi kimoja kimoja. Na kazi yake haifuati saa ya ukutani bali hufuata maji, kwa hiyo katika bamvua hutoka alfajiri na katika maji mafu hukaa nyumbani. Kwa miaka mingi sasa bahari imekuwa ikizidi joto, na ile aina bora ya mwani iitwayo kotonii imekuwa ikifa mashambani. Kuihamishia kwenye maji marefu zaidi kunahitaji chombo na kunahitaji kujua kuogelea, na wengi wa wanawake hawa hawakufundishwa kuogelea wala hawana chombo. Na bei! Kilo moja ya mwani mkavu hainunui soda moja katika baa iliyo hatua mia kutoka shamba lake.

Juu ya shamba hilo hilo, msimu wa kusi na msimu wa kaskazi, hupita wapanda mabao wanaovutwa na tiara. Wanapendea Paje upepo wake na maji yake tulivu yaliyozuiwa na mwamba, yaani wanapendea kile kile kilichowafanya wanawake wapande mwani hapo. Kamba za mwani hukatika, miguu ya wageni huchanwa na vigingi, na lawama hurushwa pande zote mbili. Nimewahi kusikia mtu wa makamo, tena msomi, akisema kwamba suluhisho ni wakulima wahame, kwa kuwa mwani haulipi. Hakuuliza kwa nini haulipi. Wala hakushangaa kwamba mwenye kupisha daima ni yule yule.

Nungwi kuna jambo jingine, na hili linanigusa zaidi kwa kuwa linakwenda mbio kuliko mengine. Nungwi ndiko kulikobaki mafundi wa majahazi. Fundi wa Nungwi hahitaji jengo. Anachohitaji ni mchanga ulio juu ya maji makuu, kivuli, mahali pa kulaza mbao, na njia iliyonyooka kwenda baharini. Hapo hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akachonga kwa tezo na kutoboa kwa keke, akatia kalafati ya pamba na mafuta katika kila upenyo wa mbao. Kazi hiyo huweza kuchukua miezi, na wakati wote huo chombo hukaa pale pale mchangani, kikubwa kama nyumba, kikisubiri siku ya kushuliwa. Siku hiyo kijiji huitana, watu wakashika kamba, wakaimba na kuvuta, na kikatelezea majini juu ya magogo. Nauliza swali dogo la vipimo: jahazi linapita wapi ikiwa upana ulioachwa baina ya hoteli mbili ni upana wa mtu na mtungi wake? Utamaduni huu unatajwa katika kila kitabu cha kuongoza wageni, na picha ya jahazi imechorwa katika kila mlango wa baa. Lakini uwanja wa fundi hupungua kila mwaka, na picha haivui samaki.

Hapa ndipo watu wa sheria hujitokeza na kutuambia tutulie, kwani pwani haimilikiwi na mtu. Ni kweli. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 imeitangaza ardhi kuwa mali ya umma, na apewaye ardhi hupewa haki ya kuitumia tu. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwetu sheria hiyo haifiki, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano, lakini nasi tuna taratibu zetu za kuwataka wajenzi wakae mbali na maji. Kwenye karatasi basi, bibi yule mwenye kapu ana haki kamili. Lakini haki ya kuwapo mahali haina maana bila ya haki ya kupafikia. Ikiwa pwani ni ya umma na kila njia ya kuiendea ni ya mtu, basi umma umepewa chumba kisichokuwa na mlango. Mwenye hoteli hahitaji kuimiliki pwani. Kilichomtosha ni kuuziba uchochoro.

Na ukuta wenyewe una madhara ambayo hata mwenye nao hayamnufaishi. Mchanga wetu haukai. Kusi huusukuma upande mmoja, kaskazi huurejesha. Ndiyo maana wazee walijenga nyuma, juu ya mwamba mkavu, wakaiachia bahari uwanja wake wa kuchezea. Ukijenga ukuta wa mawe pale mchanga unapopaswa kwenda na kurudi, wimbi hupiga, likarudi na nguvu yake, likachimba chini ya msingi. Mchanga ukaenda usirudi. Kisha jirani naye hujenga ukuta kujikinga na balaa alilosukumiwa. Majani ya bahari yanayoletwa na mawimbi, ambayo huushika mchanga na kuufunika, nayo hukusanywa alfajiri kwa reki na kutupwa ili mgeni aamkie weupe mtupu. Weupe huo, kwa taarifa ya mwenye kuupenda, ni matumbawe na magamba yaliyosagwa, na sehemu yake kubwa imepita tumboni mwa pono, ambaye hutafuna mwamba siku nzima na kutoa mchanga. Anayemaliza pono na kuvunja matumbawe, kisha akasifu mchanga, amesifu duka ambalo kiwanda chake amekichoma moto.

Sasa niwajibu wale watakaonitaka nisiume mkono unaotulisha. Najua utalii ndio unaotulisha. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 walizidi 700,000, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Sijasahau ilivyokuwa mwaka 2020 ndege zilipokoma kutua, na vijana wa Nungwi wakarudi kwa baba zao kuomba nafasi katika ngalawa. Sitaki mgeni afukuzwe. Mila yetu ya kumkaribisha mgeni ni ya kale kuliko hoteli zote, na ile methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu haikutungwa na watu wachoyo. Ilitungwa na watu waliotaka mgeni awe mwenzao. Wala si kweli kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba ukuta. Wengi wao, nimewasikia, hushangaa walipokuja Zanzibar wakakuta hawamwoni Mzanzibari ila aliyebeba sinia.

Lakini hesabu ifanywe yote. Mwaka 2012 asasi ya Uingereza iitwayo Tourism Concern ilichapisha uchunguzi wake juu ya maji katika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Iligundua kwamba nyumba ya mwanakijiji hutumia kwa wastani lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano hutumia lita 3,195. Sina haja ya kuongeza neno. Niseme tu kwamba mtu anayetuhubiria kuhusu mkono unaotulisha angefaa kuulizwa pia ni mkono wa nani ulioshika bomba.

Kundi jingine linaniudhi zaidi kuliko la wawekezaji, kwa sababu ni letu. Hawa ni wale ambao kila likitajwa suala la pwani huona nguo tu. Miaka nenda miaka rudi, mimbarini na magazetini, tumeambiwa kwamba tatizo la pwani ni wageni wanaopita kijijini nusu uchi. Kumwomba mgeni ajisitiri anapopita mbele ya msikiti na skuli ni ombi la haki, nami naliunga mkono. Lakini kijiji hicho hicho kilichopiga kelele kuhusu mapaja kilinyamaza kimya ardhi ilipobadilisha mikono, na baadhi ya waliokuwa wakali zaidi kuhusu nguo ndio waliotia saini kama mashahidi. Mgeni aliyevua fulana atavaa kesho. Uchochoro uliozibwa haufunguki. Tumefanya hasira nyingi juu ya jambo dogo ili tusilazimike kukasirika juu ya jambo kubwa ambalo wenye makosa ni jamaa zetu.

Nako tusiwasahau vijana tunaowaita papasi. Jina zuri tumewatafutia! Mdudu anayekaa ndani ya nyumba na kunyonya damu ya aliyelala. Kijana aliyezaliwa mita mia mbili kutoka majini, ambaye babu yake alikuwa na ngalawa na mama yake ana shamba la mwani, akisimama mchangani kuuza safari ya kwenda mwambani kutazama samaki, anaitwa papasi na kufukuzwa. Aliyekuja na kibali akajenga banda la kuuza safari ile ile kwa bei mara tatu anaitwa mtoa huduma. Wapo miongoni mwao waongo na wasumbufu, kama walivyo miongoni mwa mawakili. Lakini msamiati huu, wa kumwita mwenyeji kupe, ni wa nani, na kwa nini washairi wetu wameupokea bila ya kuupekua?

Naam, washairi. Nimefika penye kisa changu, maana haya ni majarida ya ushairi na si mahakama ya ardhi.

Katika mashairi mengi ya siku hizi yanayosifu pwani, mimi huona kipeperushi kilichotiwa vina. Mchanga mweupe, upepo mwanana, mnazi ulioinama, jua linalozama majini, wapenzi wawili na nyayo zao. Vina vimetimia, mizani imetimia, na pwani haimo. Zaidi ya mara moja nimesoma jua likizama baharini huko Paje. Bwana mtungaji, Paje inatazama mashariki! Jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya migongo ya watu, vichakani, juu ya maweni. Anayetaka kulizamisha majini na aende Kendwa, au Nungwi upande wa magharibi. Nimesoma pia mawimbi yakibusu miguu ya mpenzi Jambiani, na kwa mujibu wa shairi lenyewe maji yalikuwa yamepwa. Maji yakipwa Jambiani, mawimbi yako kule mwambani, ni mstari mweupe na ngurumo ya mbali. Kwenye miguu ya mpenzi kuna tope, vijani, na pengine yule mdudu wa miiba ambaye angemfanya mpenzi huyo alie kilio kisichoingia katika mizani.

Hili si kosa dogo la jiografia. Mtungaji aliyezamisha jua Paje hakuitazama Paje. Alitazama picha ya mahali pengine, pengine ya bahari nyingine kabisa, akaandika jina la kijiji chetu chini yake. Na kwa kuwa picha ile haina mwanamke mwenye kapu, shairi nalo halina. Kwa hiyo siku bibi atakapoambiwa azunguke, hatapungukiwa na njia tu, atakuwa amekwisha kutolewa hata katika ushairi wa lugha yake, na waliomtoa ni sisi.

Mfano mwingine tulikuwa nao, tena wa karibu. Marehemu Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu na kufariki mwaka 2021, alikuwa mvuvi na baharia kabla ya kuwa jina katika vitabu. Diwani yake ya Kimbunga, iliyotoka mwaka 1994, imebeba bahari ya mtu aliyeifanyia kazi. Sisemi kila mshairi aende akavue. Nasema kwamba msamiati wa pwani tulirithishwa ukiwa mkubwa, wenye bamvua na maji mafu, mkondo na fungu, dema na uzio, na sisi tumeupunguza hadi ukabaki maneno sita yanayofaa kuandikwa kwenye kadi ya posta.

Nisije nikaeleweka kwamba nataka pwani ya zamani irudi kama ilivyokuwa. Pwani ya zamani ilikuwa na mambo yake. Wengi wetu tulikwenda huko kwa haja isiyotajwa katika mashairi, na asubuhi mtu alitembea akiangalia anapokanyaga. Nani anataka kuyarudia hayo? Ninazidai huduma, tena huenda kuliko wao. Tofauti ni kwamba nazidai kwa ajili ya mwananchi. Nataka choo safi chenye maji, cha wanaume na cha wanawake, mahali pa mwanamke kubadilisha nguo bila ya kushikiwa kanga na dada zake wawili, bomba la maji matamu, kivuli cha mvinje au cha banda, pipa la taka linalomwagwa, mahali pa kusalia, na mwokoaji aliyefunzwa, kwani kila mwaka watoto wa mjini wasiojua mikondo huzama siku za sikukuu. Na kabla ya vyote hivyo, uchochoro ulioandikwa katika ramani, wenye upana wa kupitisha ngalawa, ambao hakuna mwenye ruhusa ya kuweka lango.

Si ndoto. Dar es Salaam wana Coco, ambako mfanyakazi hula muhogo wa kukaanga na mishikaki Jumapili akitazama bahari ile ile inayotazamwa na mabalozi. Mombasa, kule Bamburi, wana pwani ya umma iliyopewa jina la Jomo Kenyatta, yenye mipira ya magari inayokodishwa kwa wasiojua kuogelea, ngamia wa kupanda watoto, na umati wa Disemba unaofanya mchanga usionekane. Ina kelele na ina uchafu, na wenye hoteli jirani huikunjia nyuso. Hata hivyo mtoto wa Kisauni anaweza kufika majini bila ya kuulizwa anakwenda wapi. Na sisi wenyewe tuna Forodhani. Bustani ile ilipofanyiwa matengenezo na kufunguliwa upya mwaka 2009, wengi walihofu kwamba ingetiwa geti. Haikutiwa. Usiku mgeni na mwenyeji hupanga mstari mmoja mbele ya mashine ya miwa, na vijana huchupa majini kutoka ukutani jua likizama, upande ambao kwa hakika linazama baharini.

Kilichofanyika Forodhani kilifanyika kwa kuwa ni mjini, mbele ya macho ya watu wanaojua kuandika barua. Nungwi, Paje na Kiwengwa hawana bahati hiyo. Masheha wao hupewa karatasi za kutia saini, si ramani za kuchora. Ndiyo maana nawataka wasomaji wa kurasa hizi, ambao wengi ni walimu na watu wa kalamu, watakapokwenda mashamba wakaulize majina. Kila fungu la mchanga, kila mlango wa mwambani, kila mti wa mkadi uliokuwa alama ya mabaharia ulikuwa na jina, na wanaoyajua ni watu wa miaka sabini na kuendelea. Utingo wa daladala sasa huwataja abiria vituo kwa majina ya hoteli. Jina likishakufa, hata mwenye nia njema katika ofisi ya ardhi hatajua kwamba pale palikuwa na njia. Yaandikwe. Yatiwe katika mashairi hata kama yanasumbua mizani. Mtungaji hodari atayapatia pahala.

Wiki ya mwisho ya Shaabani itafika, na watu wa mjini watafanya vunja jungu kama ilivyo ada. Mabasi yatakodiwa Kikwajuni na Kwahani, masufuria ya pilau na biriani yatafungwa kwa vitambaa, mabuyu ya ubuyu na mashelisheli ya kukaanga yatatiwa katika mifuko, watoto watagombea dirisha. Watafika Paje au Nungwi kabla ya Adhuhuri, na dereva atauliza ashushe wapi. Mwaka huu, katika Nungwi nzima, ningependa ofisa mmoja wa wilaya awe amesimama hapo, na aweze kumjibu.